Singapore hadi New York na Kurudi: Shajara ya Umbali na Saa

Jumatatu, Singapore

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Changi na ule wa John F. Kennedy wa New York kuna kilomita 15,349, zikipimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Namba hiyo haimjui abiria, haijui msimu, wala haijali ndege ni ya aina gani. Muda wa safari ndio unaobadilika kila siku, na kwa sababu hiyo nimeamua kuandika shajara hii tangu kabla ya kuondoka, nikiwa na tiketi ya kwenda moja kwa moja bila kutua popote na ya kurudi kwa kupitia Frankfurt, ili nilinganishe njia hizo mbili kwa kalamu yangu mwenyewe na si kwa kusimuliwa.

Leo asubuhi nilikwenda maktaba, nikaomba tufe la dunia, nikatoa uzi mfukoni. Ncha moja niliibana kwa kidole juu ya Singapore, nyingine nikaivuta hadi New York na kuikaza mpaka isiwe na ulegevu. Aliyezoea ramani ya ukutani angetarajia uzi ukate Bahari ya Pasifiki kuelekea mashariki, au upite Ulaya kuelekea magharibi. Haukufanya lolote kati ya hayo. Ulipanda kaskazini karibu wima, ukapita Indochina, magharibi mwa China, Mongolia na Siberia, ukaipitia Ncha ya Kaskazini kwa pembeni kidogo, kisha ukateremka upande wa pili juu ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada na jimbo la Quebec hadi New York. Nilipoikokotoa njia hiyo kwa hesabu za pembetatu za tufe, nilipata kwamba inaikaribia Ncha kwa kilomita 280 hivi tu.

Sababu yake ni rahisi. Changi ipo karibu na longitudo 104 Mashariki, na Kennedy karibu na longitudo 74 Magharibi. Ukizijumlisha unapata 178, yaani imebaki pembe ya digrii mbili tu ili viwanja hivi viwe kwenye nusu mbili za duara moja linalopita Nchani. Ramani bapa, hasa ile iliyochorwa kwa kanuni ya mchora ramani Mercator ya mwaka 1569, haiwezi kuonyesha jambo hilo kwa kuwa inazitanua nchi za kaskazini kiasi cha kuifanya Ncha yenyewe isichoreke kabisa.

Wasafiri wa anga na wa majini hupendelea maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852, na kipimo hicho kina faida yake hapa: kila maili moja ni sawa na dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, juu ya uso wa dunia. Kilomita 15,349 ni maili za baharini zipatazo 8,288, na hizo ukizigawanya kwa 60 zinakaribia digrii 138. Sehemu mbili za dunia zilizo mbali kuliko zote hutengana kwa digrii 180, ambazo ni kilomita 20,000 hivi. Kwa hiyo safari hii inameza zaidi ya robo tatu ya umbali mrefu kuliko wote unaowezekana kati ya sehemu mbili za dunia.

Jioni nilijaribu vikokotoo vya mtandaoni vya muda wa safari. Vingi vinatumia njia moja: huchukua umbali, huugawanya kwa kasi ya kilomita 805 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa njia hiyo jibu ni saa 19 na dakika 34. Ratiba ya shirika inasema saa 18 na dakika 40 hivi. Tofauti ya karibu saa nzima si ndogo, na haitokani na kikokotoo kukosea kugawanya. Kikokotoo kinadhani hewa imesimama tuli na kwamba ndege itaufuata uzi wangu wa maktaba, na hakuna hata moja kati ya hayo litakalotokea kesho usiku.

Jumanne usiku, Changi

Ndege inayotusubiri ni Airbus A350-900ULR, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya safari ndefu kupita kiasi, na Singapore Airlines ndilo shirika pekee linaloimiliki: zipo saba tu. Kwa nje haitofautiani na A350 nyingine. Tofauti imo ndani ya mfumo wa mafuta, ambao unaweza kubeba lita 165,000 badala ya lita 141,000 za kawaida, na katika idadi ya viti. Vipo 161 tu, navyo ni 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati. Daraja la kawaida halipo.

Uchache huo wa viti unatokana na uzito kabla ya kutokana na anasa. Lita 165,000 za mafuta zina uzito wa tani 130 hivi, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kupaa na ndege hii ni tani 280. Maana yake ni kwamba ikijazwa sawasawa, karibu nusu ya kitu kinachoinuka kutoka ardhini ni mafuta. Mafuta hayo nayo yanahitaji mafuta ya kuyabeba, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yatakayochomwa saa za mwanzo yanatumika kuyainua yale yatakayochomwa saa za mwisho. Ndiyo maana kila kilomita inayoongezwa baada ya elfu kumi na mbili au kumi na tatu ni ghali kuliko ile iliyoitangulia.

Historia ya njia hii inathibitisha hesabu hiyo. Singapore Airlines ilianza kuruka moja kwa moja hadi Newark, jirani wa New York, mwaka 2004 kwa kutumia Airbus A340-500 yenye injini nne, ikaacha mwaka 2013 kwa kuwa injini nne zilikula mafuta kuliko biashara ilivyoweza kulipia. Ilirudi tarehe 11 Oktoba 2018 ikiwa na A350-900ULR yenye injini mbili, na safari ile ya kwanza ilichukua saa 17 na dakika 52. Safari za Kennedy zilifuata Novemba 2020.

Hapa inafaa nieleze vipimo viwili vya muda ambavyo abiria wengi huvichanganya. Ule unaoandikwa kwenye ratiba huanza kuhesabiwa ndege inaposukumwa kutoka langoni na huisha inaposimama kwenye lango la kule iendako. Muda wa kuwa angani huanza magurudumu yanapoacha ardhi na huisha yanapoigusa tena. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna kutambaa ardhini, foleni ya kuruka, na dakika za akiba ambazo mashirika huziweka kwenye ratiba ili ndege iliyochelewa kidogo ionekane imefika kwa wakati. Rubani alipotangaza kwamba tutakuwa angani kwa saa 17 na dakika 40, baadhi ya majirani zangu walitazamana kwa furaha kana kwamba wamepewa zawadi ya saa nzima, ilhali sehemu kubwa ya zawadi hiyo ilikuwa ni dakika za kutambaa tu.

Jumatano, juu ya Pasifiki

Tuliacha ardhi saa sita na nusu usiku. Ndege ilipopaa haikugeuka kwenda kaskazini uzi ulikoelekea. Ilishika kaskazini mashariki, ikapita Bahari ya China Kusini na mashariki mwa Ufilipino kuielekea bahari iliyo kusini mashariki mwa Japani. Kwenye skrini ya kiti changu umbali uliobaki ulisomeka zaidi ya kilomita 16,000, na kwa jumla tuliruka kilomita zipatazo 16,600. Tulizidisha njia fupi kwa kilomita 1,250 hivi, tena kwa makusudi.

Kuna mambo kadhaa yaliyotuzuia tusifuate uzi. Anga la Urusi limefungwa au linaepukwa na mashirika mengi tangu mwaka 2022. Magharibi mwa China kuna milima mirefu ambayo ndege iliyopoteza hewa ya ndani haiwezi kushuka juu yake hadi kimo salama cha kupumulia bila kutafuta kwanza upenyo. Karibu na Ncha baridi ya angani inaweza kuyasogeza mafuta karibu na kiwango chake cha kuganda, ambacho kwa mafuta ya aina ya Jet A-1 ni nyuzi 47 chini ya sifuri na kwa Jet A inayotumika Marekani ni nyuzi 40. Ndege za injini mbili zina sharti la ziada: lazima wakati wote ziwe ndani ya muda maalumu wa kufika kwenye uwanja wa kutua kwa dharura kwa injini moja, na kule kaskazini ya mbali viwanja vya namna hiyo ni vya kuhesabika.

Sababu kubwa kuliko hizo, hata hivyo, ni upepo. Juu ya Japani na magharibi mwa Pasifiki, hasa miezi ya Desemba hadi Februari, hupita mkondo wa upepo wa angani ambao ni miongoni mwa mikondo yenye nguvu zaidi duniani, ukitoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi inayoweza kupita kilomita 300 kwa saa. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Ooishi, aliupima miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya mataifa yote, akitumaini kwamba ulimwengu mzima utayasoma. Karibu hakuna aliyeyasoma.

Saa ya nne ya safari niliushuhudia mkondo huo kwa macho, ingawa kwa namba tu. Skrini ilikuwa imeonyesha kilomita 910 kwa saa. Kisha ikawa 940. Baada ya dakika chache 985, halafu 1,020, na haikupita nusu saa kabla ya kusoma 1,110. Mngurumo wa injini haukubadilika, ndege haikutikisika zaidi ya mtetemeko mdogo wa mabawa, na kasi yake ndani ya hewa ilikuwa ile ile ya asilimia 85 ya kasi ya sauti, karibu kilomita 900 kwa saa. Kilichoongezeka ni mwendo wa hewa yenyewe, ambayo ilikuwa inatubeba pamoja na ndege yetu kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Manahodha wa majahazi waliosafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi wangeielewa skrini ile mara moja: urefu wa safari waliuhesabu kwa upepo kabla ya kuuhesabu kwa masafa.

Kimo nacho hakikuwa kimoja. Tulianza mita 9,500 hivi kwa sababu ya uzito wa mafuta, na kadiri yalivyopungua ndege ilipandishwa kwa ngazi, kila baada ya saa kadhaa, hadi mita 12,000 na ushei. Ndani ya ndege hii hewa huhifadhiwa katika hali ya kimo cha mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani hufikia hali ya mita 2,400, na kwa safari ya saa 18 tofauti hiyo huonekana kwenye kichwa kisichouma.

Mwanga ndio ulionishangaza zaidi. Kwa kuwa tulikuwa tunalikimbilia jua, alfajiri ilitukuta mapema mashariki mwa Japani, saa ya tano tangu kuondoka. Jua lilipanda upesi upande wa kulia, likafika juu kiasi cha kufaa, kisha likaanza kuteremka nyuma yetu kwa haraka kama lililoitwa. Mchana wote haukufikisha saa sita. Katikati yake tulivuka Mstari wa Tarehe wa Kimataifa, na Jumatano iliyokuwa adhuhuri ikageuka kuwa adhuhuri ya Jumanne, siku ambayo kila mmoja wetu ndani ya ndege alikwisha kuimaliza. Giza lilipoingia kusini mwa Alaska ulikuwa usiku wa Jumanne kwa mara ya pili.

Tulikuwa na marubani wanne, wawili wakiongoza na wawili wakipumzika kwenye vitanda vyao maalumu, wakipokezana. Kwa abiria saa hizi za katikati ni ndefu na hazina la kusimulia.

Tuligusa ardhi Kennedy saa kumi na moja na robo alfajiri, Jumatano, na ndege ikasimama langoni saa kumi na moja na nusu. Mtu anayetazama saa za ukutani tu angesema tumesafiri kwa saa tano tangu tulipoondoka tarehe hiyo hiyo baada ya usiku wa manane. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 13, na miezi ya joto, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hupungua kuwa 12. Ukiongeza hizo 13 unapata hesabu ya kweli: saa 17 na dakika 45 angani. Ukizigawanya kilomita 16,600 kwa muda huo, wastani ni kilomita 935 kwa saa, kupaa na kushuka kukiwa ndani yake. Ni kasi ambayo ndege hii isingeweza kuifikisha kwa wastani katika hewa tuli.

Alhamisi na Ijumaa, New York

Sina mengi ya kuandika kuhusu siku hizi mbili isipokuwa usingizi. Mwili unaosafirishwa saa 13 kutoka kwenye majira yake hauna jirani wa karibu wa kumkimbilia: unaweza kujirekebisha kwa kusogeza saa zake mbele au kwa kuzirudisha nyuma, na umbali ni karibu ule ule pande zote. Kwa kawaida watu huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na wengi huona kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi kwa sababu mwili huvumilia siku iliyorefushwa kuliko iliyokatwa. Mimi nilikuwa macho saa nane usiku siku zote mbili, nikautumia wakati huo kufanya hesabu.

Nilijiuliza upepo unaweza kuubadilisha muda kwa kiasi gani iwapo umbali haubadiliki hata kidogo. Mfano ulio wazi zaidi unauhusu uwanja huu huu wa Kennedy. Safari ya kwenda London Heathrow ni kilomita 5,540 hivi na kwa kawaida huchukua saa sita na nusu hadi saba. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipokuwa inavuka Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways iliikamilisha kwa saa 4 na dakika 56, kasi yake juu ya ardhi ikipita kilomita 1,300 kwa saa. Wapo waliodai kwamba ndege ile ilivunja kizuizi cha sauti. Haikukivunja, kwa kuwa kasi ya sauti hupimwa dhidi ya hewa inayoizunguka ndege, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda mbio. Siku hiyo hiyo ndege zilizotoka London kwenda New York zilikuwa zinaulipia upepo ule ule kwa dakika zao.

Mfano mwingine ni wa masafa yanayokaribia haya yangu. Oktoba 2019 Qantas, shirika la ndege la Australia, ilirusha Boeing 787-9 kutoka New York hadi Sydney, kilomita 16,200 hivi, ikiwa na watu wasiofika sitini ili ibaki nyepesi, na ikachukua saa 19 na dakika 16. Ndege hiyo ilikuwa inaelekea magharibi. Mimi nilikuja mashariki kwa kilomita zaidi ya hizo, nikatumia muda pungufu kwa saa moja na nusu. Kwa maoni yangu, jedwali lolote la muda wa safari lisilosema mwelekeo ni nusu ya jedwali, na vikokotoo vinavyotoa jibu moja kwa kwenda na kurudi vingefaa kutoa mawili.

Jumamosi usiku, Kennedy

Ningerudi kwa ndege ya moja kwa moja, ratiba ingenipa karibu saa 18 na dakika 50. Ninapitia Frankfurt. Watu wengi wakisikia njia yenye kituo hudhani imeuzunguka ulimwengu, na hapa ndipo uzi wa maktaba unaposaidia tena. Kutoka Kennedy hadi Frankfurt ni kilomita 6,200 hivi. Kutoka Frankfurt hadi Changi ni karibu kilomita 10,300. Jumla ni kilomita 16,500, ambazo zinazidi njia fupi kwa asilimia saba au nane tu. Kwa maneno mengine, kwa kupitia Frankfurt ninakwenda masafa ambayo hayazidi yale niliyokuja nayo juu ya Pasifiki.

Tuliondoka langoni saa mbili na robo usiku. Atlantiki ilitusukuma kwa upepo wake wa magharibi, si kwa nguvu ya ule wa Japani, lakini kwa kiasi cha kuifanya safari iwe ya saa saba na robo kutoka lango hadi lango.

Jumapili, Frankfurt na kuendelea

Saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za Ujerumani tulikuwa langoni. Ujerumani iko mbele ya New York kwa saa sita, hivyo usiku wetu ulikatwa katikati kabla haujatulia. Tulishuka na mizigo yetu ya mkononi, tukapita tena ukaguzi, tukakaa kwenye viti vya chumba cha kusubiria mbele ya dirisha ambalo lilionyesha mabomba ya mafuta yakiunganishwa na bawa la ndege. Nililitazama jambo hilo kwa makini kuliko nilivyowahi, kwa sababu hicho ndicho kinachonunuliwa kwa saa mbili na robo za kusubiri: ndege haikulazimika kutoka New York na mafuta ya kufika Singapore, ikaweza kubeba watu wengi zaidi kwa uzito ule ule.

Tuliondoka saa sita kasorobo mchana. Duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya tufe, kutoka Frankfurt kwenda Singapore lingetupeleka juu ya Ukraine, ambayo anga lake limefungwa kwa ndege za abiria tangu Februari 2022, kwa hiyo tulishuka kusini zaidi, tukapita Uturuki, tukaendelea mashariki hadi India na Ghuba ya Bengali. Jua lilitua mapema nyuma yetu, na safari hii usiku haukuwa na cha kushangaza: tulikuwa tunaliacha jua kwa kasi, nalo likatuacha.

Jumapili yangu ilikuwa fupi kupita zote. Ilianza juu ya Atlantiki na ikaisha juu ya Asia, na kati yake saa saba nyingine zikatolewa, ambazo ndizo tofauti kati ya Ujerumani na Singapore majira ya baridi.

Jumatatu, Changi

Ndege ilisimama langoni saa moja kasorobo asubuhi. Saa za ukutani zinasema nimetoka New York saa 34 na nusu zilizopita. Ukiondoa 13 za tofauti ya majira zinabaki 21 na nusu, na njia isiyo na shaka ya kulifikia jibu hilo ni kugeuza saa zote mbili ziwe za UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, kabla ya kutoa: niliondoka Jumapili saa 01:15, nimefika Jumapili saa 22:45. Kati ya hizo, saa 19 na robo zilikuwa za ndege na mbili na robo za kukaa Frankfurt. Kwa hiyo kituo kimenigharimu saa mbili na dakika arobaini dhidi ya safari ya moja kwa moja, na karibu zote zimetumika ardhini. Muda wa ndani ya ndege umezidi kwa dakika 25 tu.

Kwa anayechagua kati ya njia hizi, ningemwambia atazame dakika hizo 25 kabla ya kutazama neno "moja kwa moja". Mwenye mgongo unaodai kunyooshwa atafaidika na Frankfurt. Mwenye mkutano asubuhi, au mtoto anayelala vizuri akishalala, afadhali avumilie mara moja.

Nikiwa nasubiri mzigo niliinua macho kwenye ubao wa ndege zilizowasili. New York ilikuwa imeandikwa mara mbili. Juu ya mstari wetu ulikuwepo wa ndege ya moja kwa moja iliyoondoka Kennedy zaidi ya saa mbili baada yetu, nayo ilikuwa imetua nusu saa kabla yetu. Niliitafuta kwenye simu nione imepita wapi, kwa kuwa ndege za kurudi kwenye njia hii hazina upande wa kudumu: kwa longitudo zinazotofautiana kwa digrii 178, wapangaji wa safari wanaweza kuipeleka ndege mashariki juu ya Atlantiki na Ulaya, au kuelekea upande wa Pasifiki, na hukata shauri kwa kusoma utabiri wa upepo wa siku ile. Hii ilikuwa imechukua Atlantiki, ikavuka bahari kaskazini kidogo ya njia yetu, ikatupita tulipokuwa tumekaa Frankfurt.